Makubadhi ya Mwozeshaji

Jumatatu, 3 Februari

Hospitali asubuhi. Rahila, yule daktari wa mazoezi, kanipima mguu wa kushoto kwa tepu. Kifundoni, kwenye kigimbi, juu ya goti. Kauliza kama nafanya mazoezi aliyonipa. Nimesema kila siku. Kauliza tena huku ananitazama usoni. Nimesema karibu kila siku. Msichana huyu angefaa kuwa mwamuzi.

Mguu umevimba tangu nilipotoka Dar mwaka jana. Kule walinikata doa jeusi la wayoni, saratani, na tezi za kinenani wakazitoa pamoja nalo. Saratani imekwenda zake, alhamdulillahi. Maji yamebaki. Rahila anasema maji hayana njia tena ya kupita, kwa hiyo kazi ya kuyasukuma ni ya misuli. Pumzi ndefu, kukunja na kunyoosha kifundo, kuinua kisigino, kutembea. Yote hayo nimevaa soksi ya kubana. Taratibu, kasema. Kalirudia neno hilo kama vile mimi kiziwi.

Mimi, Borafya! Niliyepuliza kipenga kila kiwanja cha Unguja, Bwejuu mpaka Matemwe, na sikuwahi kuachwa na mpira. Leo nafundishwa kuinua kisigino.

Barazani nimewaambia niliteguka kwenye ngazi. Afadhali hivyo. Mji huu ukionekana na mguu umevimba hawana jengine, ni matende tu, na kila mpita njia anakupa ushauri.

Sasa la muhimu. Shemsa, kitinda mimba wangu, anaolewa Ijumaa ya tarehe ishirini na moja, msikiti wetu wa hapa Mkunazini, baada ya sala ya alasiri. Mume ni Tahir, mwalimu wa Bwejuu, kijana mpole. Mwozeshaji ni mimi. Nitakaa kitako juu ya zulia, miguu nimeikunja, mkono wangu ndani ya mkono wa Tahir, kama marehemu baba alivyokaa alipowaozesha dada zangu. Na nitakwenda nimevaa makubadhi yangu ya ngozi. Kwa sasa mguu haukunjiki, na kubadhi la kushoto halipiti hata vidoleni.

Jioni kaja mdogo wangu Matar. Kasema kama nitashindwa kukaa, nimpe uwakili aozeshe yeye. Kisha katoa joho kwenye mfuko, eti nitazame kama linamkaa. Joho! Nshajua hesabu yake. Huyu alikuwa mshika kibendera wangu miaka yote ya mpira, na hajanisamehe kwamba kipenga kilikuwa kinywani mwangu. Nimemwambia joho linambana mabegani. Halikumbana.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata mpango. Mwepesi, wa ajabu, sijui kwa nini hospitali hawajauona. Ikiwa mazoezi kidogo kila siku yatapunguza mguu mpaka siku ya harusi, basi mazoezi yote kwa siku moja yataupunguza kesho.

Nimepanda ngazi za nyumba mpaka darini, nimeshuka, nimepanda. Nimeinua visigino mpaka jirani wa dirisha la pili kaniuliza natafuta nini juu ya ukuta. Nimekunja kifundo, nimenyoosha. Mke wangu, Bi Amne, kauliza soksi ya kubana iko wapi. Nimemwambia iko kwenye kamba, inakauka. Joto hili nani atavaa soksi?

Najiona mwepesi. Kesho tutaona.

Jumatano, 5 Februari

Mguu umekuwa fenesi.

Amne kampigia simu Rahila bila ruhusa yangu. Rahila kasema nilale, mguu niuweke juu ya mito, soksi nivae, na nikiona wekundu au homa niende hospitali mbio, nisingoje hata chai. Homa sina. Halafu katoa maneno marefu, ambayo Amne kayarudia yote kwa furaha kubwa. Kwamba kuzidisha mazoezi kunaujaza mguu badala ya kuupunguza. Kwamba nianze upya, kidogo, niongeze kidogo. Kwamba soksi si pambo la kamba.

Mchana Amne kaingia na kiti kipya cha mbao. Kashamuuliza shekhe, na shekhe kasema mwozeshaji akikaa kitini ndoa inasihi bila shaka yoyote. Nimesema kiti ni cha mchezaji wa akiba. Kasema basi Matar yupo. Nimegeukia ukutani.

Kiti sikai. Mwamuzi habadilishi uamuzi.

Jumamosi, 8 Februari

Mazoezi ya pamoja hospitalini. Wanawake tupu, wote wamevimba mikono baada ya saratani ya matiti. Mguu ni wangu peke yangu. Niliona fahari kidogo.

Mbele kakaa Bi Mashavu wa Matemwe, mkulima wa mwani. Mkono wake umepungua. Rahila kaunyanyua mbele ya watu akausifu. Nimengoja zamu yangu ya kusifiwa. Haikuja.

Nikaona mazoezi yanakwenda pole mno, wanapumua kama wamekwenda kulala. Nimetoa kipenga mfukoni nikapuliza kuwaongezea mwendo. Mwanamke mmoja kadondosha mpira wa kubinya. Bi Mashavu kanitazama tu, akaendelea kupumua. Rahila kaja, kanyoosha kiganja, na kipenga kikaingia mfuko wa koti lake jeupe. Maishani mwangu nimewatoa watu wengi uwanjani. Sikujua kwamba njia ya kurudi kwenye kiti ni ndefu vile.

Baadaye Bi Mashavu kanieleza kwa upole kwamba yeye hutembea baharini, maji kiunoni, pole pole, na mkono huwa mwepesi. Rahila kasema hata mimi yatanifaa, maji yenyewe yanabana kama soksi. Ila nivae viatu vya mpira, nisichomwe wala nisikatwe, kwa sababu jeraha dogo kwenye mguu huu ni hatari. Nikitoka nijikaushe vizuri kisha nivae soksi.

Bi Mashavu anajiona bingwa. Tutaona.

Jumapili, 9 Februari

Chukwani. Matar katupeleka kwa gari lake. Viatu vya mpira sina, nimevaa vya Amne, vina ua jekundu juu ya kidole. Nimeingia majini haraka ili ua lisionekane.

Lo! Mguu ulielea. Tangu Dar nimeuburuza mguu huu kama mzigo wa mtu mwengine, na leo, maji yaliponifika kiunoni, ukawa wangu. Nilitaka kulia. Sikulia, kwa sababu Matar alikuwa anakuja nyuma yangu, kakunja suruali, anauliza kama maji ni baridi.

Tukatembea pamoja. Kisha nikaona kanitangulia hatua moja. Makusudi! Nikaongeza mwendo. Naye, nikaona, anaongeza. Nikampita. Nikaendelea kumpita mpaka nikasikia Amne ananiita kutoka ufukweni, kwa mbali, kama mtoto anavyoitwa kutoka nyumba ya tatu.

Nimeshinda. Matar anasema hakujua kama tunashindana.

Kurudi kanishika mkono, nami nimemwacha, kwa kuwa alionekana amechoka.

Alhamisi, 13 Februari

Lazima niandike ukweli: mguu umepungua. Amne kila asubuhi na jioni anakaa mbele yangu na kufanya mazoezi yote pamoja nami, pumzi kwa pumzi, kifundo kwa kifundo, na nikitaka kuzidisha ananipiga jicho. Soksi anaivuta yeye mwenyewe, amevaa glavu za kuoshea vyombo ili asiichane. Tunacheka sana wakati huo. Hatujacheka hivi tangu kabla ya Dar.

Nimeweza kukaa kitako mpaka mwisho wa taarifa ya habari.

Kubadhi la kushoto linaingia nusu. Nimemwambia Amne kila siku kwamba lengo ni kubadhi. Anaitikia naam, kubadhi, na anajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. Sijui kinachomchekesha.

Mpango mpya, wa siri. Nimeyapeleka makubadhi kwa fundi viatu Darajani. Hakuna sababu ya mguu kufanya kazi yote peke yake. Nimesimama mbele yake nikamwonesha kwa mkono: panua la upande huu.

Jumatatu, 17 Februari

Fundi kapanua la kulia.

Anasema nilimwonesha upande huu, na upande huu kwake yeye aliyekaa mbele yangu ni kulia. Nimemwambia kiatu kina mguu wake hata akiwa amekaa juu ya paa. Kasema hata mwamuzi akiwa uwanjani lazima ajue goli liko upande gani. Watu walikuwepo. Wamecheka.

Sasa kulia kubadhi linapiga makofi kila hatua, na kushoto haliingii. Ngozi ya kulipanua na la kushoto hana, kasema. Si kitu. La kulia nitalijaza pamba. La kushoto nitakanyaga nusu, kisigino nje, na kanzu itafunika.

Kabla ya magharibi nimepita kwa shekhe. Nimemwomba hotuba ya ndoa iwe fupi. Sikutaja mguu. Nimesema hali ya hewa. Kanitazama kwa huruma, akatikisa kichwa, akasema ameelewa kabisa. Hili limekwisha.

Alhamisi, 20 Februari

Nyumba imejaa. Wanawake ghorofa zote mbili, hina, udi, vicheko. Shemsa kaletwa kunionesha mikono yake ilivyochorwa. Nimesema nzuri. Nilitaka kusema zaidi.

Matar kaja kuuliza kama niko tayari. Nimemjibu vibaya mbele ya watu. Nimemwambia akaliweke joho lake kabatini, kesho halina kazi. Kaondoka bila kunywa kahawa.

Amne kanivuta jikoni kati ya masufuria. Hakupaza sauti. Kanikumbusha siku ya kuondoka kwenda Dar kukatwa, tulipokuwa tunangoja boti. Kwamba nilimwita Matar pembeni, nikamshika mkono, nikamwambia nisiporudi Shemsa amuozeshe yeye, asimwachie mtu mwengine.

"Joho lile kalishona wiki ile ile," kasema Amne. "Na tangu siku ile anaomba asilivae. Wewe umemwona mwizi, yeye alikuwa analinda amana yako."

Nimesema sikumbuki.

Nakumbuka vizuri sana. Nakumbuka hata shati alilovaa. Nilikuwa nalia, na Matar alikuwa ananiambia nilikuwa najisumbua bure, nitarudi, na hakuuachia mkono wangu mpaka boti ilipofunga gati.

Hata hivyo uozeshaji simpi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeozesha. Mwenyewe. Juu ya zulia.

Sasa niandike kwa mpangilio. Mchana wote Amne kaniweka mguu juu ya mito, tukafanya pumzi na vifundo, kisha soksi. Kanzu nyeupe, kofia ya vito ya kudariziwa, koti. Kulia pamba, kushoto nusu. Matar kaja kutuchukua, amevaa kanzu tupu, ya kila siku. Nimemtazama. Nimemrudisha kwake akavae joho. Nimemwambia yeye ni shahidi wa kwanza, na sijawahi kuingia uwanjani na mshika kibendera aliyevaa ovyo. Kasimama kidogo mlangoni kama hakusikia. Kisha kaenda, karibu mbio.

Nimepita mbele ya baraza, kubadhi la kulia linapiga makofi licha ya pamba. Wamesimama wote. Nimewapungia mkono.

Mlango wa msikiti. Watu wanainama, wanavua viatu, wanapanga.

Wanavua viatu.

Wallahi nimeswali msikiti ule tangu mdogo, mpaka mguu huu uliponiweka kuswali nyumbani. Siku zote hizi nimehangaika na makubadhi, fundi, pamba, na hakuna hata mtu mmoja ambaye angeviona viatu vile mbele ya shekhe! Nimevua. Na mguu wangu ukatoka nje mbele ya watu wa Mkunazini na wageni wa Bwejuu, umevaa soksi ya rangi ya ngozi inayobana mpaka juu, vidole vitano nje.

Jirani yangu wa barazani kaniuliza kwa sauti ndogo kama kweli hii ni ile ngazi.

Sijui nini kilinipata. Nimejibu kwa sauti ya uwanjani. Nimesema si ngazi, wala si matende. Ilikuwa saratani, imekatwa, maji yamebaki, na soksi hii na mazoezi ndiyo yaliyonileta hapa kwa miguu yangu kumuozesha binti yangu. Kisha mzee mmoja wa Bwejuu, simjui, kasema mashaallah, na wengine wakafuata. Nimeingia kifua mbele.

Nimekaa. Nimekunja wa kulia, wa kushoto nusu, kanzu imefunika. Tahir mbele yangu, mkono wake baridi. Matar kushoto kwangu, joho linang'aa.

Shekhe kafungua hotuba. Kasema kuna mzazi kamjia, moyo hautulii kwa siku kubwa kama hii, kwa hiyo leo ataongeza kidogo kuhusu subira.

Kaongeza.

Alipofika subira ya Nabii Ayub mguu ulikuwa umeanza kuwa mzito. Nikakumbuka Rahila: kunja, nyoosha, pumzi ndefu. Nikaanza, chini ya kanzu, taratibu. Neno lake hilo hilo. Pindo la kanzu likawa linapanda na kushuka. Tahir kaliona, akadhani nimeingiwa na hofu, naye akaanza kutetemeka. Nimemwashiria kwa jicho kwamba ni mazoezi. Katetemeka zaidi. Lakini mguu ulitulia. Ulitulia! Nikapiga vifundo subira nzima, na shukrani, na haki za mke.

Ikafika. Shekhe kanitangulizia maneno, nikayafuata. Nilipofika kwenye jina la Shemsa nikasita. Mwaka jana nililitoa jina hilo kwa mtu mwengine alitaje, nikapanda boti. Matar kaniwekea kiganja mgongoni.

"Nimekuozesha binti yangu Shemsa," nimesema, na wa mwisho kabisa wa msikiti kasikia.

Tahir kakubali. Dua. Haluwa. Kahawa. Kisha kuinuka. Tulisaidiana kuinuka, mimi na Matar. Mimi zaidi, nadhani, ingawa mkono uliokuwa chini ya kwapa ni wake.

Nje kubadhi la kushoto halikuingia hata nusu, kukaa kumeujaza mguu. Matar kavua ndala zake pana akaziweka mbele ya miguu yangu, akayabeba makubadhi yangu mkononi, na tukarudi nyumbani, yeye na joho lake, miguu mitupu kwenye mawe ya mtaa. Ndala zake mbaya sana. Nilizipenda.

Nyumbani nimemuuliza Amne kama alijua kwamba viatu vitavuliwa. Kasema tangu siku ya kwanza. Kwa nini hakuniambia?

"Ulikuwa unafanya mazoezi," kasema.

Jumatatu, 24 Februari

Hospitali. Rahila kanipima. Umepanda kidogo kwa shughuli ya harusi, lakini uko chini kuliko mwanzo wa mwezi. Nimemsimulia yote, na hadithi ya pindo la kanzu. Kacheka mpaka kaketi. Bi Mashavu alikuwepo, kapiga vigelegele, wagonjwa wote wamegeuka. Hatimaye nimesifiwa mbele ya watu.

Kisha Rahila kakaa sawa. Kasema nianze tena pole pole, Ramadhani inakuja, mwili utachoka. Mazoezi haya ni ya maisha, hayana kipenga cha mwisho. Kauliza kama nimeelewa. Nimesema nimeelewa kabisa. Kwa hiyo kanirudishia kipenga changu kwa sharti nisikipulize humu ndani.

Nimekipuliza kwenye korido, mara moja tu, kuona kama kinafanya kazi.

Sasa. Matar anamuozesha binti yake Riyama baada ya Idi. Ijumaa msikitini nilimtazama sana alipokuwa anainuka. Magoti yale! Mtu mwenye magoti kama yale hawezi kutegemewa kukaa kitako hotuba nzima, na shekhe keshazoea kuongeza. Lazima awepo mtu aliye tayari kupewa uwakili. Leo nilikuwa kwake, na alipokwenda kuswali adhuhuri nimelijaribu joho lake. Linanikaa. Mabegani halibani hata kidogo.

Ila muda ni mfupi, na mfungo uko kati. Kwa hiyo kesho, Amne akishakwenda sokoni, nitafanya mazoezi ya mwezi mzima kwa mkupuo. Soksi ipo kwenye kamba.

Na nimepita kwa fundi Darajani nikaagiza makubadhi mapya kwa ajili ya msikitini, membamba, kipimo changu cha ujana. Kauliza kama apanue upande wowote. Nimemwambia asiguse kitu. Safari hii mguu ndio utakaokifuata kiatu.